Namna ya kulinda pesa ya wimbo wako kabla hujatoka studio

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya kijana anayeimba Bongo Fleva hapa Dar es Salaam, au Mwanza, au Arusha, mwenye nyimbo mbili tatu zinazopigwa kwenye saluni na vijiwe vya bodaboda vya mtaani kwao, ambaye watoto humwita kwa jina la usanii akipita, na ambaye pamoja na hayo yote bado anakopa nauli ya daladala ya kwenda kurekodi wimbo wa nne.

Siku hizi imekuwa kawaida kusikia kwamba Bongo Fleva imeshuka: kwamba nyimbo zinafanana, kwamba mdundo wa amapiano kutoka Afrika Kusini umebandikwa hata pale usipofaa, kwamba mashairi yamebaki mistari minne na kiitikio, na kwamba kiki zimekuwa nyingi kuliko muziki wenyewe. Sehemu kubwa ya malalamiko hayo nayakubali. Sikubaliani tu na wanaosema kwamba vijana wa sasa hawana vipaji, kwa sababu nimekaa na wengi wao nikiwasaidia kupanga hesabu zao, na kila mara nimekuta tatizo lilelile: msanii ambaye wimbo wake wa mwaka jana haumwingizii chochote analazimika kutoa mwingine mwezi ujao, tena unaofanana na ule uliokubali kwa mwenzake, kwa kuwa hana akiba ya kumwezesha kukaa miezi minne akitunga kitu chake. Haraka hiyo ndiyo inayosikika redioni.

Tatizo hili si la leo. Katika enzi ya kaseti, msanii alipeleka albamu yake kwa msambazaji wa Kariakoo, akapewa fungu moja la pesa, na kuanzia siku hiyo hakuwa na njia ya kujua zimeuzwa kaseti ngapi. Zikaja CD za kuchoma, kisha vibanda vya kuingizia nyimbo kwenye kadi za simu, ambako mteja aliondoka na nyimbo mia moja na waimbaji wake hawakuambulia hata senti. Sasa tuko kwenye majukwaa ya mtandaoni, ambayo angalau huhesabu kila msikilizaji, lakini pesa yake humfikia yule tu ambaye jina lake limeandikwa mahali panapotakiwa. Kwa hiyo kazi ya kulinda kipato chako huanza na karatasi, na karatasi hiyo huandikwa usiku uleule wa kurekodi.

Karatasi ya mgao

Kwanza elewa kwamba wimbo mmoja ni mali mbili. Mali ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na melodi ya wimbo, ambao ungebaki kuwa wako hata kama ungeimbwa na kwaya ya kanisani kwa kinanda. Mali ya pili ni rekodi, yaani ile faili ya sauti iliyotengenezwa studio siku fulani kwa gharama za mtu fulani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitenganisha: mtunzi ana hakimiliki, ilhali mwimbaji na mtengenezaji wa rekodi wana hakishiriki. Kijana anaweza kuwa mtunzi wa kila neno na bado rekodi ikawa ya prodyuza, au akalipia studio hadi senti ya mwisho na bado theluthi ya utunzi ikawa ya rafiki yake aliyempa kiitikio. Msipozungumza hayo mapema, kila mmoja anarudi kwake akiamini kwamba wimbo ni wake.

Hebu tuangalie usiku wenyewe. Ni saa nne, studio ni chumba kimoja Sinza, magodoro yamebandikwa ukutani kuzuia mwangwi na feni imezimwa ili mlio wake usiingie kwenye rekodi. Prodyuza amegonga mdundo tangu jioni. Rafiki aliyekuja kukusindikiza anadakia maneno matatu, wote mnacheka, na maneno hayo yanakuwa kiitikio. Mwanadada aliyekuwa akisubiri zamu yake anaombwa aweke sauti ya pili. Ukitaja habari ya kuandikishana, prodyuza atakwambia, "Kaka, sisi si familia? Tutaongea ngoma ikikubali." Mjibu kwa upole kwamba kwa kuwa ni familia, ni vizuri kuandikishana sasa wakati wote mna furaha, kwa sababu ngoma ikishakubali mazungumzo hayo yatafanyika mbele ya wakili au yasifanyike kabisa.

Karatasi yenyewe haihitaji lugha ya kisheria. Andika jina la wimbo na tarehe. Majina kamili ya wahusika kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao vya NIDA, pamoja na majina yao ya usanii na namba zao za simu. Asilimia ya kila mmoja katika utunzi. Asilimia ya kila mmoja katika rekodi. Na kiasi kilicholipwa usiku huo na aliyekilipa. Jumla ya kila safu iwe mia moja. Kisha kila mmoja atie saini, mtu asiye na hisa atie saini kama shahidi, na wote mpige picha karatasi hiyo na kuitumiana kwa WhatsApp papo hapo, ili tarehe ya ujumbe ibaki kwenye simu za wote.

Hakuna kiwango cha sheria kinachosema prodyuza apate asilimia ngapi. Mfano ambao nimeuona ukiwaridhisha watu ni huu: msanii aliyetunga mashairi anachukua 60 ya utunzi, aliyetoa kiitikio 15, na prodyuza aliyetunga muziki 25. Katika rekodi, kama msanii amelipa studio bei kamili, anachukua 80 na prodyuza 20, na kama prodyuza amefanya kazi bure, wanagawana nusu kwa nusu. Mwanadada wa sauti ya pili alipwe ujira wake usiku huohuo na aandike kwamba amelipwa, au aingie kwenye mgao. Kumpa nauli na kumwambia "Mungu atakulipa, dada" si malipo, na ni aibu ambayo wasanii wanaolalamika kuibiwa na wakubwa huwafanyia wadogo zao kila wiki.

Mdundo uliopakuliwa YouTube unahitaji uangalifu wa peke yake. Wengi huchukua mdundo ulioandikwa kuwa ni wa bure, wanaimba juu yake, na wimbo ukianza kusikilizwa, mfumo wa YouTube wa kutambua sauti unaelekeza mapato yote kwa mwenye mdundo aliyeko Lagos au Johannesburg. Mara nyingi ubure huo ulikuwa wa kufanyia mazoezi tu. Hata ukinunua, soma kama umenunua moja kwa moja au umekodi, kwa sababu mdundo wa kukodi huuzwa kwa watu wengi na huwa na kikomo cha idadi ya kusikilizwa. Kwa pesa ileile, mara nyingi ni afadhali kukaa na prodyuza wa mtaani kwenu akakutengenezea mdundo ambao hakuna mwingine duniani anao, na hapo ndipo hata ladha ya muziki wetu inapoanza kurudi.

Kabla ya kuondoka studio, omba upewe vitu vitatu kwenye flashi yako: wimbo uliokamilika, muziki mtupu usio na sauti yako, na faili za kila ala na kila sauti peke yake. Muziki mtupu utauhitaji kwenye shoo. Faili nyingine utazihitaji siku kompyuta ya prodyuza itakapokufa, na kompyuta za studio hufa.

Kusajili

Hakimiliki huzaliwa na kazi yenyewe. Ukishaandika au kurekodi, wimbo ni mali yako, nao hulindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako. Na kwa kuwa Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994, ulinzi huo unavuka mipaka. Usajili COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, haukupi haki hiyo bali hukupa ushahidi wake, na bila ushahidi hakuna anayekugawia mirabaha, yaani malipo ya kutumiwa kwa wimbo wako. Nenda na nakala ya wimbo, mashairi yaliyochapwa, kitambulisho na ile karatasi ya mgao. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, kazi ya kukusanya na kugawa mirabaha imefunguliwa kwa kampuni za wenye haki wenyewe, hivyo ukiwa kwenye kaunta uliza pia ni kampuni ipi inayokusanya kwa ajili ya muziki na ujiunge nayo. Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, ni ofisi nyingine yenye kazi nyingine: huko unajisajili wewe kama msanii, si wimbo.

Usitarajie makubwa kwa haraka. Mgao wa mirabaha wa Januari 2022, uliohusu nyimbo zilizopigwa redioni, ulikuwa wa zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii wote nchini waliostahili, na ukizigawanya kwa idadi ya watu utaona kwamba wengi walipata pesa ya kununulia simu ya kawaida tu. Hata hivyo waliopata walikuwa wamesajili. Mwaka 2016, Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni moja ya simu iwalipe wasanii AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila ridhaa yao, na shauri hilo likaendelea kwa rufaa. Jambo la kujifunza kwa msanii mchanga ni kwamba walifika mahakamani wakiwa na uwezo wa kuonyesha kwamba nyimbo ni zao.

Bajeti ya wimbo mmoja

Tuseme umekusanya shilingi 1,500,000, nyingine zikiwa zako na nyingine za mjomba. Kijana wa kawaida atazitia shilingi 1,200,000 kwenye video, kwa sababu video ndiyo inayoonekana mtaani, kisha atakuja kugundua kwamba hana hata pesa ya bando la kuitangazia. Mimi ningezigawa hivi: 400,000 studio pamoja na kuchanganya sauti na kuusafisha wimbo mara ya mwisho, 50,000 picha ya jalada, 60,000 ada ya msambazaji wa mtandaoni (kampuni inayopeleka wimbo wako kwenye majukwaa ya kusikilizia), 300,000 matangazo, zikitolewa kidogo kidogo kwa wiki sita, 500,000 video, na 190,000 zisiguswe. Bei za kwenu zinaweza kuwa tofauti, lakini muhimu ni uwiano. Tena video isipigwe siku wimbo unapotoka. Acha wimbo ukae wiki tatu nne ukiwa sauti tupu, uone ni kipande gani ambacho watu wanakiimba na kukichezea TikTok, kisha upige video ya kipande hicho. Wimbo usiokubali kwa sauti hauponywi na gari la kukodi.

Kuhusu pesa ya chai kwa watangazaji na madijei ili wimbo upigwe, sitajifanya kwamba haipo. Ninachoshauri ni kwamba usiitoe kwa pesa ya kukopa, kwa kuwa haina risiti na wimbo utaacha kupigwa siku ileile utakapoacha kutoa. Kuhusu mikopo yenyewe, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa hukopesha wasanii, na ni jambo jema. Ila kopa kwa ajili ya kitu kitakachobaki na kuingiza pesa, kama vifaa vya studio au vyombo vya muziki vya kukodisha, usikope kwa ajili ya video.

Majukwaa ya mtandaoni

Hapa ndipo pesa nyingi za vijana zinapopotelea bila mtu kuiba kwa makusudi. Prodyuza anafungua akaunti ya msambazaji kwa barua pepe yake, meneja anafungua chaneli ya YouTube kwa simu yake, na miaka miwili baadaye wamekosana, mmoja kahamia Dodoma, na msanii mwenye watazamaji laki tano hana hata neno la siri. Kabla ya wimbo kutoka, fungua barua pepe moja ya kazi kwa jina lako, iunganishe na laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako, na kila kitu kifunguliwe kwa barua pepe hiyo. Wengine wapewe ruhusa ya kuendesha, umiliki ubaki kwako.

Nyimbo zako zitafika Boomplay, Audiomack, Spotify na kwingineko kupitia msambazaji wa mtandaoni. Wasambazaji wengine hutoza ada ya mwaka na kukuachia mapato yote au karibu yote, wengine hawatozi ada bali hukata asilimia. Anayeanza na wimbo mmoja huenda akanufaika na wa asilimia. Mwenye nyimbo kumi zinazosikilizwa anapoteza akibaki huko. Muulize msambazaji mapema unalipwaje ukiwa Tanzania, kwa benki au kwa simu, na kima cha chini cha kutoa pesa ni kipi, kwa sababu nimewahi kuona kijana mwenye dola 38 zilizokwama miaka mitatu. Wakati wa kupakia, andika majina ya watunzi wote kama yalivyo kwenye karatasi ya mgao, na uhakikishe kila rekodi inapewa namba yake ya ISRC yenye herufi na tarakimu 12. Ukibadilisha msambazaji, hama na namba ileile, la sivyo hesabu ya wasikilizaji wako inaanza upya.

Fahamu pia masharti yanayokata mapato. Spotify, iliyofika Tanzania Februari 2021, tangu mwaka 2024 hailipi chochote kwa wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12. YouTube hukuingiza kwenye mgao kamili wa matangazo ukiwa na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, na kwa video za kawaida humpa mwenye chaneli asilimia 55 ya pesa ya matangazo. Malipo hutoka yakifika dola 100. Sehemu inayotokana na watazamaji walioko Marekani hukatwa kodi ya asilimia 30, maana Tanzania haina mkataba wa kodi na nchi hiyo, na usipojaza fomu ya kodi unaweza kukatwa kwenye mapato yako yote. Kujaza fomu hiyo ni kazi ya dakika ishirini. Wako wasanii wenye majina ambao hawajaijaza hadi leo.

Shoo, meneja na lebo

Kwa msanii mchanga, shoo bado ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Kanuni ni fupi: nusu ya malipo iingie kabla jina lako halijawekwa kwenye bango, nusu iliyobaki iingie kabla hujapanda jukwaani, na nauli na malazi vihesabiwe nje ya malipo. Promota mmoja wa mkoani aliwahi kumwacha msanii ninayemfahamu kwenye nyumba ya wageni na bili ya usiku mbili, baada ya kukusanya viingilio na kuzima simu. Tangu hapo msanii huyo hapandi basi kabla muamala haujasoma. Makubaliano yakifanyika kwa simu, tuma ujumbe mara baada ya kukata: "Kaka, kama tulivyoongea, tarehe fulani, ukumbi fulani, kiasi fulani, nusu leo." Akijibu "sawa", una maandishi.

Meneja akitaka asilimia 20, muulize ni 20 ya nini. Asilimia 20 ya kila kinachoingia kabla ya gharama ni kubwa sana kuliko 20 ya kinachobaki, na katika shoo ndogo inaweza kukuacha wewe ukiwa unadaiwa. Lebo nayo ikikutolea video, gari, nyumba ya kupanga na nguo za jukwaani, tambua kwamba hizo ni pesa zinazoandikwa mahali fulani kwa jina lako. Msanii Harmonize alipoondoka lebo ya WCB Wasafi mwaka 2019 alieleza hadharani kwamba mkataba ulimtaka alipe shilingi milioni 500. Lebo imewekeza na ina haki ya kurejeshewa. Kosa ni kusaini bila kujua bei ya mlango wa kutokea. Kwa hiyo soma vipengele vinne kabla ya vingine vyote: mkataba ni wa miaka mingapi, nani anabaki na rekodi ukiisha, gharama zinarejeshwaje, na ukitaka kuondoka unalipa nini. Kisha umlipe wakili, si rafiki yako anayejua Kiingereza, akusomee.

Chukua namba ya mlipakodi TRA hata kama bado huingizi cha maana. Mirabaha hukatwa asilimia 15 kabla hujaipokea, na bila hati za makato hayo unaweza kutozwa kodi hiyo upya.

Nyimbo za zamani zisizo na karatasi

Huenda unasoma haya ukiwa tayari una nyimbo sita zilizotoka bila makubaliano yoyote. Anza na ule unaosikilizwa zaidi. Mtafute prodyuza kwa simu, siyo kwa lawama na siyo kupitia Instagram, umwambie kwamba unataka kusajili na kwamba yeye pia hawezi kupata mirabaha ya wimbo huo mambo yakibaki yalivyo, jambo ambalo ni kweli. Nenda ukiwa na karatasi ya mgao ambayo haijajazwa asilimia, na soda mbili. Mkikubaliana, andikeni tarehe ya siku hiyo na mwaka ambao wimbo ulirekodiwa, msirudishe tarehe nyuma. Kama aliyetoa kiitikio amefariki, fungu lake ni la warithi wake, hivyo mama yake au mkewe aitwe kwenye mazungumzo. Kama prodyuza hapatikani kabisa, rekodi wimbo huo upya kwa muziki mpya kabisa uliotungwa na mtu mwingine, utumie mashairi na melodi uliyoitunga mwenyewe, na safari hii karatasi ikae mezani kabla ya feni kuzimwa.